Udongo wa Kibumba

Alfajiri chukudu yangu hulia kama mlango wa kanisa kuukuu,
magunia manne mgongoni,
na breki ni kipande cha tairi la lori lililokufa.
Kabeji? Hapana. Viazi? Si leo.
Nimebeba udongo.

Cheka. Hata Mbusa alicheka,
yeye anayeshusha makala na hajui kunawa kukaisha.
"Unauza vumbi?"
Nauza shamba la mama, nikamjibu, koleo kwa koleo,
nawe unauza msitu; basi tuteremke pamoja.

Watu wa mjini hutuambia: nyinyi mna bahati,
kijani kila upande.
Kweli, tunacho mbele ya macho,
na kati yake na sisi kuna waya wa umeme.
Mwanangu anajua sauti ya ndege asiyewahi kumwona.
Huku kwetu kila kipande kimelimwa hadi ukingo wa choo,
huna pa kulala chali utazame mawingu
bila kuvunja maharage ya mtu.

Goma ni jiwe. Sisemi kwa mafumbo:
jiwe, jeusi, lenye meno,
lililoshuka jekundu watu wakikimbia,
likapoa, wakarudi, wakajenga juu yake,
wakazaa juu yake.
Majengo, mtoto akianguka haamki na vumbi,
anaamka na damu.
Mpira wao ni wa mifuko, uwanja wao ni njia,
na njia ni yangu, mimi na magurudumu yangu ya mbao.
"Toka!" napiga kelele.
Wanatoka. Waende wapi?

Magunia matatu ni ya Himbi.
Geti hufunguliwa kiasi cha bega langu.
Ndani nyasi, ee, nyasi!
zimenyolewa kama kichwa cha bwana harusi,
zinanyweshwa kwa mpira saa sita za mchana
wakati bidoni za Majengo zimepanga mstari tangu usiku.
Baada ya nyasi, ziwa.
Nilizaliwa mwendo wa siku moja kutoka ziwa hili,
na mara ya kwanza kuliona kwa karibu
nilikuwa nimebeba gunia.
Bustani yote ile: wageni wawili, mwavuli mmoja.
Mlinzi akanionyesha ua jekundu,
"Hili limependa udongo wako."
Nililisalimu. Nusura niliulize habari za nyumbani.

Gunia la nne ni la Kavugho, fundi cherehani,
ananunua kwa mkopo na kulipa kwa viraka vya suruali zangu.
Anajaza bidoni zilizokatwa, sufuria zilizotoboka,
buti moja la askari.
Lengalenga, vitunguu.
Kwenye buti, maua. "Basi tu," anasema.

Alhamisi moja, pale penye mzunguko, gunia likapasuka.
Nikakusanya kwa viganja, pikipiki zikinitukana.
Kilichobaki kikazama kwenye nyufa za mawe.
Nikalaani, nikaondoka.

Wiki tatu. Mvua mbili za kweli.
Maharage! Mbegu za mama zilikuwa zimejificha humo,
mashina saba, na jani la boga likijikokota kuelekea barabarani.
Watoto wamekaa wakilizunguka kama moto.
Hawagusi. Mmoja anahesabu majani kwa sauti,
akikosea anaanza upya.
Karani wa mtaa akaja kuuliza hii ni parsele ya nani.
Kimya.
Jumamosi mbuzi wa mtu akala nusu.
Kavugho akaizungushia mawe,
yale yale yaliyotunyima.

Sijui jiji limeandika nini juu ya kivuli,
nani apewe, kiasi gani.
Mimi ni mtu wa chukudu, najua mizigo.
Najua shamba la mama sasa lina shimo la kufika gotini,
na ua la Himbi linanenepa.
Mama, utanisamehe au hutanisamehe:
siku hizi, nikikaribia ule mzunguko,
kamba ya gunia siikazi sana.